Kwa nini wajuzi wa simu waliicheka iPhone mwaka 2007

Na Mwandishi Wetu

MWANZONI mwa mwaka 2007, aliyekuwa Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya Microsoft, Steve Ballmer, aliulizwa katika mahojiano ya televisheni ana maoni gani kuhusu simu mpya iliyotangazwa na wapinzani wake wa kampuni ya Apple. Kabla ya kujibu, alicheka.

Kicheko hicho kimekuja kuwa maarufu kuliko hotuba nyingi alizowahi kuzitoa kiongozi huyo. Alistaajabu kwamba simu ingeuzwa dola 500 huku mnunuzi akiwa amefungwa na mkataba, akasema ndiyo simu ghali kuliko zote duniani, na kwamba isingewavutia watu wa biashara kwa kuwa haikuwa na vitufe vya kuandikia barua pepe. Akaongeza kuwa wakati ule Microsoft ilikuwa ikiuza mamilioni ya simu zenye programu yake kila mwaka, ilhali Apple haikuwa imeuza hata moja.

Tangu hapo, kila inapozinduliwa simu mpya ya daraja la juu na watu wakaanza kuikosoa, yupo atakayekitoa kipande hicho cha video kabatini na kukionyesha kama ushahidi kuwa wakosoaji hawajui kitu. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Ukiyapitia maneno ya Ballmer, moja baada ya jingine, utaona kuwa karibu yote yalikuwa kweli siku alipoyatamka.

Kwa hiyo jambo linalohitaji maelezo si upungufu wa akili za watu wale. Akili walikuwa nazo, na baadhi yao ndio walioijenga biashara ya simu tangu ikiwa changa. La kueleza ni namna mtu anavyoweza kusema mambo ya kweli kuhusu simu ya mpinzani wake, na bado miaka michache baadaye akajikuta hana biashara.

Uzinduzi wenyewe

Ilikuwa Januari 9, 2007, katika maonyesho ya Macworld mjini San Francisco, Marekani. Steve Jobs, aliyekuwa akiiongoza Apple, alipanda jukwaani akawaambia waliohudhuria kuwa angezindua vifaa vitatu: chombo cha kusikilizia muziki chenye kioo kipana cha kugusa, simu ya mkononi, na kifaa cha kuwasiliana kwa intaneti. Alivirudia mara kadhaa hadi watu walipoanza kung’amua kuwa anazungumzia kitu kimoja tu.

Simu aliyoitoa ilikuwa na kioo cha inchi 3.5 na kitufe kimoja upande wa mbele. Kwa msomaji kijana ambaye hajawahi kuishika simu ya aina nyingine, hili halisemi lolote. Lakini simu za kisasa za wakati ule, zile ambazo siku hizi tunaziita simu janja, nusu ya uso wake ilikuwa vitufe vidogo vya herufi na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa kioo. Nyingine zilikuja na kalamu ndogo ya plastiki ya kugusia, ambayo ilikuwa haichukui muda kupotea. Jobs aliikejeli kalamu hiyo, akisema kila mtu amezaliwa na vidole kumi.

Alisogeza orodha ya nyimbo kwa kidole na ukumbi ukashangilia. Akakuza picha kwa vidole viwili, ukashangilia tena. Akatafuta mkahawa wa Starbucks kwenye ramani, akaupigia simu, akaagiza vikombe 4,000 vya kahawa, kisha akasema amekosea namba na kukata. Miongoni mwa wageni waliopanda jukwaani siku hiyo alikuwamo Eric Schmidt, aliyekuwa akiiongoza Google na wakati huohuo mjumbe wa bodi ya Apple. Tutamrudia.

Ambacho ukumbi haukujua ni kwamba simu ile ilikuwa bado mbichi. Mmoja wa wahandisi wake, Andy Grignon, alikuja kulieleza gazeti la New York Times mwaka 2013 kwamba Jobs alilazimika kufuata mfuatano maalumu wa vitendo, kwani ukibadilisha mpangilio tu simu ilizimika. Ziliandaliwa simu kadhaa jukwaani ili moja ikiishiwa kumbukumbu ahamie nyingine, na alama za nguvu ya mtandao zilikuwa zimepangwa kuonyesha mistari yote mitano hata pale ambapo mtandao ulikuwa dhaifu.

Soko la hisa halikungoja. Hisa za Apple zilipanda kwa zaidi ya asilimia 8 siku hiyo, huku za watengenezaji wa simu za BlackBerry, kampuni ya RIM ya Canada, zikishuka. Kesho yake kampuni ya Cisco, iliyokuwa ikilimiliki jina la iPhone, ilikwenda mahakamani kulidai. Pande hizo mbili zilipatana Februari 21.

Hapa kuna jambo ambalo husahaulika. Simu ile haikuingia dukani hadi Juni 29. Kwa takriban miezi sita, dunia ilibishana juu ya kifaa ambacho karibu hakuna aliyewahi kukishika. Sifa zilikuwa za jukwaani na lawama zilikuwa za kwenye karatasi.

Waliokuwa na cha kupoteza

Waliosema kwa sauti kubwa zaidi walikuwa washindani, nao walikuwa na sababu. Hata kabla ya uzinduzi, Novemba 2006, Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya Palm, Ed Colligan, alipoulizwa kuhusu tetesi kuwa Apple inatengeneza simu, alijibu kwamba kampuni yake ilikuwa imehangaika miaka kadhaa kujifunza kutengeneza simu nzuri, na kwamba watu wa kompyuta wasingeweza kuingia tu na kulielewa jambo hilo mara moja.

Kwa upande wake, Jim Balsillie, mmoja wa wakuu wawili wa RIM, aliliambia shirika la habari la Reuters Februari 2007 kuwa Apple ni mshiriki mmoja zaidi katika soko lililokwisha kujaa, na kwamba kusema ujio wake ungeleta mabadiliko makubwa kwa BlackBerry ni kutia chumvi. Katika Microsoft, Ballmer aliendelea na msimamo wake. Mwezi Aprili aliliambia gazeti la USA Today kuwa haiwezekani iPhone ikapata sehemu ya maana ya soko, na kwamba yeye angependa programu yake iwe katika asilimia 60, 70 au 80 ya simu zote kuliko kuwa na asilimia 2 au 3 ambazo huenda Apple ingezipata.

Wachambuzi nao hawakubaki nyuma. John Dvorak, mwandishi wa siku nyingi wa masuala ya kompyuta, aliandika mwezi Machi katika MarketWatch akiishauri Apple iachane na simu hiyo kabla haijajiaibisha. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara: soko la simu tayari lilikuwa na wakubwa wake, faida ilikuwa ndogo, na mitindo ilikuwa ikibadilika haraka kiasi kwamba simu inayopendwa leo hutupwa kesho.

Tuwape haki yao. Nokia ya Finland, iliyokuwa ikiuza karibu nusu ya simu zote za kisasa duniani, ilikuwa tayari imeitangaza N95 na iliiingiza sokoni mapema mwaka huohuo. Simu hiyo ilikuwa na kamera ya megapikseli 5, iliweza kupiga picha za video, ilikuwa na kipokezi cha GPS cha kuonyesha mahali ulipo, na ilitumia mtandao wa kasi wa 3G. Kamera ya iPhone ilikuwa ya megapikseli 2 bila taa, haikupiga video, haikuwa na GPS, na kwenye intaneti ilikwenda kwa teknolojia ya EDGE, ambayo ni ya kizazi cha nyuma. Haikuweza kutuma picha kwa ujumbe wa simu. Haikuweza hata kunakili maneno mahali pamoja na kuyabandika pengine. Huduma hiyo ilikuja mwaka 2009. Betri yake haikufunguka, jambo lililowaudhi watu waliozoea kutembea na betri ya akiba mfukoni.

Mhandisi wa Nokia aliyeziweka simu hizo mbili mezani na kulinganisha sifa moja moja angeondoka akiwa na amani moyoni.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, bei peke yake ingetosha kuufunga mjadala. Simu ya GB 4 iliuzwa dola 499 na ya GB 8 dola 599. Kwa viwango vya wakati ule, hiyo ya pili ilizidi shilingi 700,000 za Tanzania, nayo haikuuzwa rasmi huku. Mwaka 2007 simu iliyojaa mitaani ilikuwa Nokia 1100, ile ya tochi, ambayo hatimaye iliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani. Na habari kubwa ya simu katika ukanda huu mwaka huo haikutoka San Francisco. Ilikuwa ya Machi 6, siku Safaricom ya Kenya ilipozindua M-Pesa, huduma iliyofanya kazi kwenye simu ya bei ya chini kabisa, yenye vitufe vyake na kioo kisicho na rangi. Vodacom ya Tanzania ilifuata mwaka 2008. Mtu aliyesema wakati ule kuwa mustakabali wa simu uko katika huduma rahisi kwa watu wengi, na si katika kioo cha dola 599, hakuwa akiota.

Foleni, lawama na barua ya Jobs

Siku chache kabla ya mauzo kuanza, waandishi wanne wa Marekani waliokuwa wamepewa simu hiyo kuijaribu kwa takriban wiki mbili walichapisha tathmini zao. Wote waliisifu programu yake, na wote waliulalamikia mtandao wa AT&T, kampuni pekee iliyoruhusiwa kuiuza. Walt Mossberg wa Wall Street Journal alikuwa ameyaangalia hasa yale maandishi ya kugusa kwenye kioo, yaliyokuwa yakimcheza shere siku za mwanzo. Baada ya siku tano aliandika kuwa sasa anaandika kwa kasi na usahihi uleule aliokuwa nao kwenye simu ya Palm aliyoitumia kwa miaka.

Siku tano si nyingi. Lakini hizo ndizo siku ambazo Ballmer, Balsillie na Dvorak hawakuwa nazo walipotoa hukumu zao.

Juni 29 saa 12 jioni milango ilifunguliwa mbele ya foleni ndefu katika miji mingi ya Marekani. Wengine waliondoka na simu wasiyoweza kuitumia kwa saa kadhaa, na wachache kwa siku kadhaa, kwa sababu mitambo ya AT&T ya kuandikisha wateja ilizidiwa.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi takwimu za uzinduzi zinavyoweza kusomwa vibaya. Julai 24, AT&T ilitangaza kuwa imeandikisha wateja 146,000 wa iPhone katika siku mbili za mwisho za mwezi Juni. Wawekezaji walikuwa wametarajia zaidi. Hisa za Apple zikaanguka kwa takriban asilimia 6 siku hiyo, na magazeti yakaanza kuandika kwa sauti ya mazishi. Siku iliyofuata Apple ikatoa hesabu yake: ilikuwa imeuza simu 270,000 katika saa 30 za mwanzo. Hakuna aliyedanganya. Kampuni moja ilihesabu simu zilizowashwa kwenye mtandao, nyingine ilihesabu zilizolipiwa. Katikati walikuwamo walioshindwa kujiandikisha siku ile, na waliozinunua ili wakaziuze kwa faida.

Kelele kubwa zaidi, hata hivyo, zilitoka kwa wale waliokuwa mashabiki. Septemba 5, siku 68 tu baada ya foleni zile, Jobs alitangaza kuwa simu ya GB 8 inashuka kutoka dola 599 hadi 399, na ile ya GB 4 inaondolewa. Watu waliolala nje ya maduka wakaona wametozwa dola 200 kwa kosa la kuwa na haraka. Malalamiko yalimiminika kiasi kwamba kesho yake Jobs aliandika barua ya wazi. Alitetea uamuzi wa kushusha bei, lakini akakiri kuwa kampuni haikuwatendea vema wateja wake wa kwanza, na akawapa hawala ya dola 100 ya kununulia bidhaa nyingine za Apple. Ilikuwa fidia ya nusu, nayo ilirudi katika droo ya Apple ileile.

Siku tano baada ya kushushwa bei, Apple ilitangaza kuwa imeuza simu ya milioni moja, ikiwa ni siku ya 74. Wakati dunia inauza simu karibu bilioni moja kwa mwaka, milioni moja ilikuwa tone. Lengo alilolitaja Jobs mwenyewe siku ya uzinduzi lilikuwa asilimia 1 ya soko hilo, yaani simu milioni 10, kwa mwaka 2008. Kwa maneno mengine, Ballmer alipoikadiria Apple asilimia 2 au 3, alikuwa amempa Jobs zaidi ya alichoomba.

Walipopotelea

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo iliyomchekesha Ballmer. Alichokosea si hesabu. Alichukulia kuwa bei ya simu ni ile iliyobandikwa dukani. Julai 2008 ilitoka iPhone 3G, ikiwa na mtandao wa kasi na GPS, kwa dola 199. Utengenezaji haukuwa umekuwa rahisi kiasi hicho. Sehemu kubwa ya bei ilikuwa ikilipwa na kampuni ya mtandao kama ruzuku, kisha mteja akairudisha kidogo kidogo kupitia mkataba wa miaka miwili. Mteja aliiona dola 199. Nyingine zilijificha katika ankara ya kila mwezi. Simu milioni moja ziliuzwa katika siku tatu za kwanza.

Ballmer mwenyewe alilirudia suala hili mwaka 2016, akiwa ameshaondoka Microsoft. Alikiambia kituo cha Bloomberg kuwa anatamani yeye ndiye angefikiria mpango huo wa simu kulipiwa ruzuku na makampuni ya mitandao. Ni mmoja wa wachache waliorudi hadharani kueleza ni wapi hasa hesabu yao ilipinda.

Suala la mtandao lina utamu zaidi. Mike Lazaridis, mwanzilishi wa RIM na mkuu mwenza wa Balsillie, hakucheka. Kitabu kilichoandikwa mwaka 2015 na waandishi wawili wa habari wa Canada kinaeleza kuwa aliuona uzinduzi kwenye televisheni akiwa kwenye mashine ya mazoezi, na mara moja akashangaa ni vipi kampuni ya mtandao imekubali simu inayofungua tovuti nzima. Sifa ya BlackBerry ilikuwa kutumia mtandao kwa ubahili: barua pepe zilibanwa, mzigo ukawa mdogo, na makampuni ya simu yakaipenda kwa sababu hiyo. Simu yenye kuvuta kurasa zote na picha zake, Lazaridis aliona, ingeziba njia.

Na iliziba kweli. AT&T ilikuja kusema kuwa mzigo wa data katika mtandao wake uliongezeka kwa asilimia 8,000 kati ya mwaka 2007 na 2010. Katika miji kama New York na San Francisco wateja walilalamika miaka kadhaa kuhusu simu zinazokatika. Mhandisi huyo alikuwa sahihi kabisa, isipokuwa jambo moja ambalo halimo katika vitabu vya uhandisi: mtandao ulipoelemewa, wateja waliilaumu AT&T na kuendelea kuipenda simu. Makampuni ya mitandao ndiyo yaliyolazimika kujenga minara zaidi. BlackBerry ilikuwa imetatua tatizo ambalo mtu mwingine alikubali kulilipia.

Kuhusu vitufe, hoja ya wakosoaji ilikuwa kwamba ni rahisi zaidi kuandika unapohisi kitufe chini ya kidole. Wapo wanaoshikilia hivyo hadi leo, na mwandishi wa makala haya hawabishii. Ila kitufe cha plastiki hukaa pale pale hata unapotazama video au ramani. Herufi zilizochorwa kwenye kioo huondoka zisipohitajika, na huweza kubadilika kuwa za Kiarabu au Kichina kwa marekebisho ya programu tu. Aliyepima kuandika peke yake alipima sehemu ndogo ya kazi ya simu.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la pande zote, akiwamo Jobs. Mwanzoni alikataa kata kata programu za watu wa nje kuwekwa ndani ya iPhone. Juni 2007 aliwaambia watengeneza programu wajiridhishe na kutengeneza kurasa za intaneti zinazofanana na programu. Nao hawakuridhika. Katika majira hayohayo ya kiangazi vijana walikuwa wamekwisha kuivunja kufuli za simu hiyo. Mwezi Agosti, George Hotz wa New Jersey, akiwa na umri wa miaka 17, aliifungua itumike kwenye mitandao mingine, kazi ambayo mafundi wa simu wa mijini kwetu wanaijua vizuri. Oktoba Apple ikageuka na kuahidi kuruhusu programu za nje. Duka la programu lilifunguliwa Julai 10, 2008 likiwa na programu takriban 500, na katika mwisho wa wiki wa kwanza zilipakuliwa mara milioni 10.

Hakuna sifa wala lawama ya Januari 2007 iliyolitaja duka hilo, kwa sababu halikuwapo hata katika mawazo ya mwenye simu. Hata hivyo ndilo lililoifanya N95, pamoja na kamera yake nzuri, ionekane ya kale.

Aliyenyamaza

Turudi kwa Google. Wakati wengine wakitoa kauli, kampuni hiyo ilikuwa na kikosi kilichokuwa kikitengeneza simu kwa siri chini ya Andy Rubin. Simu yao ya kwanza ilifanana na BlackBerry: kioo kidogo juu, vitufe vya herufi chini. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyochapishwa mwaka 2013, Rubin alikuwa ndani ya gari mjini Las Vegas uzinduzi ulipokuwa ukiendelea, akamwomba dereva asimame ili autazame. Mmoja wa wahandisi wake, Chris DeSalvo, alieleza kuwa kama mtu wa kawaida aliitamani simu ile papo hapo, lakini kama mhandisi wa Google alijua ni lazima waanze upya.

Walianza upya. Simu yenye vitufe iliwekwa kando, nguvu zikahamishiwa kwenye ile ya kioo cha kugusa. Septemba 2008 ilitangazwa simu ya kwanza ya Android, iliyotengenezwa na HTC, nayo kwa tahadhari bado ilikuwa na vitufe vilivyofichwa chini ya kioo. Schmidt alijiuzulu kutoka bodi ya Apple Agosti 2009. Ukitaka kujua nani aliielewa iPhone mapema kuliko wote, usitafute aliyeisifu kwa maneno mazuri. Mtafute aliyetupa kazi yake ya miaka miwili.

Wale waliocheka walikuwa na bahati mbaya ya kutoadhibiwa haraka. Mapato ya RIM, yaliyokuwa takriban dola bilioni 3 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2007, yalifika karibu dola bilioni 20 katika mwaka ulioishia Februari 2011. Kwa miaka minne Balsillie angeweza kuyasoma tena maneno yake bila aibu. Nokia nayo iliendelea kuuza simu nyingi kuliko yeyote. Mtu anayeona mauzo yake yanapanda haamki usiku kuvunja kiwanda chake.

Kilipokatika, kilikatika kwa kishindo. Juni 2012 Nokia ilitangaza kupunguza wafanyakazi hadi 10,000 duniani kote, na kati ya viwanda vilivyofungwa kilikuwamo cha Salo, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Finland uliokuwa umeishi kwa ajira na kodi za kampuni hiyo. Septemba 2013 ulitangazwa mpango wa kuuza biashara ya simu ya Nokia, pamoja na matumizi ya hataza zake, kwa euro bilioni 5.44. Mnunuzi alikuwa Microsoft ya Steve Ballmer. Miaka miwili baadaye Microsoft ilifuta katika vitabu vyake dola bilioni 7.6 kutokana na ununuzi huo na kutangaza kufunga pia kitengo cha ubunifu kilichobaki Salo. Wafanyakazi wa mji huo hawakuwa wamewahi kuulizwa maoni yao kuhusu iPhone.

Afrika Mashariki mabadiliko hayo yaliingia kwa mlango mwingine. Mapema mwaka 2011, Safaricom ilianza kuuza nchini Kenya simu ya Huawei iitwayo IDEOS, iliyotumia Android ya Google, kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya. Kioo chake kilikuwa cha inchi 2.8. Vitufe vya herufi haikuwa navyo.